Ugali Juu ya Pistoni

Asubuhi moja mwaka jana niliamka katika chumba nilichopanga Njiro, nikafunga begi, nikamrudishia mwenye nyumba ufunguo wake, nikatoka. Hakukuwa na ugomvi, wala sikuwa na mahali pa kwenda. Nimeishi hivyo tangu nilipoacha shule darasa la sita, na wanaonijua wamechoka kuniuliza. Nilipata lifti ya lori la mchanga, likanishusha Tengeru, nikasimama nje ya gereji moja ninywe chai. Ndani, kijana alikuwa amechomeka waya kwenye gari na anasoma ugonjwa wake kwenye kioo cha kompyuta, kama daktari anayesoma majibu ya damu. Pembeni, ndani ya boksi la takataka, kulikuwa na pistoni nne kuukuu. Niliokota moja. Kichwani ilikuwa na vile vishimo viwili vyembamba, umbo la mwezi mchanga, vilivyochongwa kiwandani kwa usafi wa ajabu. Nilipitisha kidole gumba ndani yake na, rafiki yangu, hapo hapo nikawa kwa bibi, juu ya Maji ya Chai, nina miaka kumi na moja, mikono imejaa grisi.

Ilikuwa miaka ya ruksa, biashara ilipoachiwa huru. Vitu tulivyokuwa tukivisikia tu vilianza kupanda hadi kwetu mlimani: sabuni zenye harufu, suruali za mitumba, redio zinazomeza betri sita. Lakini mageuzi yale yaliyoleta vitu ndiyo yaliyomleta mjomba. Alikuwa fundi wa injini katika gereji ya shirika la umma mjini Arusha. Gereji ikafungwa, naye akarudi kwa mama yake na sanduku la spana na ovaroli mbili. Watu wakimsalimia njiani, "Fundi, za mjini?" alijibu, "Mimi si fundi wa mtu. Nimekuja kupalilia migomba." Bibi alinikataza kumuuliza maswali. Kwangu hiyo ilikuwa adhabu kubwa kuliko fimbo.

Jirani yetu alikuwa mwalimu wangu wa sayansi. Lori la ushirika lilikuwa limeacha kupanda kuchukua mazao, na akina mama wa kitongoji walishusha ndizi kwa kichwa hadi barabarani kila siku ya soko la Tengeru. Mwalimu akanunua pikapu chakavu ili iwabebee. Ilipanda mara tatu. Mara ya nne ikafia mbele ya lango letu, pistoni moja imepasuka.

"Shikamoo mama," Mwalimu alimwambia bibi, huku anamtazama mjomba aliyejifanya anachambua maharage.

"Marahaba. Gari lako limeziba njia ya ng'ombe wangu."

"Nilikuwa nafikiri labda kijana wako..."

"Kijana wangu analima," bibi akasema. Kisha akamgeukia mjomba. "Au unasemaje, mkulima? Ng'ombe wapite wapi?"

Mjomba alisukuma maharage pembeni. Halafu akaenda kunawa mikono, na bibi akacheka chini chini.

Mwalimu alizunguka maduka yote ya spea mjini. Pistoni za injini ile hazikuwepo. Akarudi na seti moja ya gari la aina nyingine, ya mwisho dukani, aliyoambiwa inaingia. Mjomba alizipima na kusema, "Upana sawa, pini sawa. Ila kichwani ni bapa. Hazina vishimo vya vali."

Sikuweza kuvumilia. Nikauliza vishimo ni vya nini. Kwa mara ya kwanza tangu arudi, mjomba alizungumza kama mtu anayependa jambo. Alikunja ngumi ya kushoto akaipandisha polepole, na kwa vidole viwili vya kulia akashuka kuilaki. "Hii ni pistoni, inapanda. Hizi ni vali, zinashuka kuruhusu hewa iingie na moshi utoke. Zinakutana hapa, njia moja, mamia ya mara kabla hujamaliza kusema Baba Yetu. Kila mara zinakosana kwa unene wa njiti ya kiberiti. Zikigusana mara moja tu, vali inapinda, pistoni inatoboka, na Mwalimu anabaki na banda la kuku."

Nilitazama lile pande la chuma jeusi ambalo siku zote nililiona kama jiwe linalopiga kelele. Sikujua kwamba ndani ya jiwe kulikuwa na adabu kiasi kile, vitu vinapishana kwa kasi ya ajabu bila kugusana bega. Hata leo, nikisikia injini inanguruma taratibu, ngozi hunisisimka.

"Na ukizichonga mwenyewe ukakosea?" nikauliza.

"Nikikosea hizi hakuna nyingine. Nitakwenda Mererani kuchimba vito. Sitaweza kukutana na Mwalimu kila asubuhi tunapochota maji."

Basi kazi ikafanyikia nyumbani, chini ya upenu. Injini iliwekwa juu ya magogo mawili, na vipuri vyake vikatandazwa kwa mpangilio kwenye kichanja cha bibi cha kukaushia kahawa, kila kimoja kikiwa na jani la mgomba chini yake. Harufu ya dizeli ikachanganyika na ya majani mabichi na moshi wa jikoni. Kwanza mjomba alitaka kujua vali zinafika wapi. Mjini wangetumia udongo laini maalumu. Sisi tulikuwa na ndizi. Kwetu ugali haupikwi kila siku. Chungu ni cha ndizi au loshoro, mahindi na maziwa ya mgando. Mjomba akaponda ndizi mbili za kuchemsha, akazipachika juu ya pistoni, akafunga kichwa cha injini, akazungusha kwa mkono, akafungua. Ndizi ilikuwa imetapakaa kila mahali kama mtoto ameitema.

Bibi alikuja kutazama, kitambaa begani. "Ndizi ni ya watu," akasema. "Subiri."

Akasonga ugali wa dona mgumu, akauacha upoe hadi ukawa kama mpira. "Na vali uzipake mafuta. Hujaona mtu akikanda chapati? Miaka kumi na tano gerejini, na hujui kwamba vitu hunata."

"Gerejini hatukuwa na bibi," mjomba akajibu.

Ugali ulifanya kazi. Ulipotolewa, alama za vali zilikuwa zimechapwa juu yake wazi kama muhuri, na bibi aliukata katikati kwa wembe ili tuone unene uliobaki. Palipotakiwa njiti ya kiberiti palibaki karatasi.

Sasa sikiliza jinsi alivyochonga. Alichukua vali kuukuu, akaikata meno kwa msumeno wa chuma na tupa, ikawa kama ua lenye makali. Akaipitisha kwenye njia yake ile ile ndani ya kichwa cha injini, kichwa kikiwa kimefungwa mahali pake, na juu akaishika kwa keekee aliyoazima kwa seremala. Kwa njia hiyo vali yenyewe ndiyo iliyojichimbia nafasi, pale pale ambapo ingekuja kupita. Alizungusha polepole, pumzi ameibana, akihesabu mizunguko. Tulipofungua, kichwa cha pistoni kilikuwa na mwezi mchanga unaong'aa, na vumbi la fedha limenasa kwenye grisi aliyopaka pembeni. Nilidhani vitu vya namna hiyo hutoka ng'ambo tu, vikiwa tayari. Mtu wa kwetu alikuwa ametengeneza mwezi kwa keekee ya seremala.

Kila pistoni ilichongwa, ikapimwa kwa ugali, ikachongwa tena. Wiki mbili. Mjomba akaanza tena kupiga mluzi.

Siku ya vipimo vya mwisho nilifanya kosa. Pistoni ya tatu ilikuwa imefunguliwa na ugali wake uko juu, haujakatwa. Mjomba alikwenda kumsaidia bibi kumfunga ndama. Nilitaka kujua unene ule kwa kidole, sikutaka kuuona tu. Nikabonyeza taratibu kwenye alama ya vali ya moshi. Ugali ulikuwa mwembamba kama ganda la kitunguu, na ukatoboka. Nikamega kipande kidogo cha ugali uliobaki, nikaziba, nikalainisha kwa mafuta hadi pakawa pazuri kuliko mwanzo. Mjomba akarudi, akakata kwa wembe, akaweka njiti ya kiberiti pembeni. "Hii imekaa vizuri," akasema. "Haihitaji kuguswa tena." Akafunga kila kitu.

Kesho yake alasiri Mwalimu alikuja na betri iliyochajiwa. Injini ilikuwa imerudi ndani ya pikapu. Akina mama kadhaa walisimama langoni na mikungu yao, maana keshokutwa ilikuwa soko. Mjomba alizungusha injini kwa spana mara ya mwisho, akiinamisha sikio, akatikisa kichwa kwa kuridhika. Akanyoosha mkono achukue ufunguo.

"Mjomba," nikasema. "Ile ya tatu niliitia kiraka."

Nilieleza yote. Mwalimu ndiye aliyezungumza kwanza, na sauti yake ilikuwa ile ya darasani.

"Umeizungusha kwa mkono sasa hivi, haikugusa."

"Kwa mkono haitagusa," mjomba akasema. "Itagusa ikipata moto, ikienda mbio." Akanigeukia. "Mwembamba kiasi gani?"

"Kama ganda la kitunguu."

"Unafungua kazi ya wiki mbili kwa neno la mtoto?" Mwalimu akauliza.

"Mtoto ndiye aliyetia kidole, Mwalimu. Mimi na wewe hatukutia."

Akaanza kulegeza bolti. Sikuchapwa, na hiyo ilikuwa ngumu kuliko kuchapwa. Bibi alisonga ugali mwingine bila kuombwa. Tulipoupima na kuutoa, mjomba aliuinua kuelekea jua, na pale kwenye alama ya vali mwanga ulipenya. Mwalimu aliuchukua, akautazama muda mrefu, akavua miwani, akaifuta.

"Zungusha wewe," mjomba akaniambia, akinipa keekee. "Mizunguko sita. Ukihisi inakuvuta, acha."

Nilihisi chuma kikikubali chini ya mikono yangu. Mizunguko sita. Gasketi, lile bamba la shaba la kuziba chini ya kichwa cha injini ambalo mjomba alilikata kwa mkono, ilikuwa imeshabanwa mara moja na kukakamaa, kwa hiyo bibi akaiweka juu ya makaa hadi ikawa nyekundu kama embe bivu, akaizamisha majini, nayo ikatoka laini kama mpya. Mpaka leo sijaacha kushangaa kwamba jiko lile lile lililopika loshoro yetu liliponya injini.

Iliwaka kwa kukohoa mara mbili, kisha ikatulia. Akina mama wakapiga vigelegele, lakini mjomba hakucheka. "Haijapona," akasema. "Kuwaka si kitu, hata mgonjwa huamka kitandani. Ipande mlima ikiwa na mzigo." Mwalimu akamwambia aende popote anapoona panatosha, akauze ndizi hizo huko huko, arudi akiwa na jibu. Kwa hiyo alfajiri tukaondoka, mimi na mjomba na mikungu ya kitongoji kizima, na hakuna kati yetu aliyejua popote ni wapi.

Tulipita mjini bila kusimama, tukaacha lami Makuyuni, tukaingia kwenye vumbi. Mjomba alizima redio. Alikuwa akisikiliza. Mto wa Mbu tulifika jua likiwa kali, na mbele yetu ukuta wa bonde ulisimama wima kama mwisho wa dunia. Akatia gia ya kwanza. Injini ikainua sauti, ikapata moto, ikaenda mbio, na mimi nilikuwa nimeshika dashibodi kwa mikono yote miwili, nikiwaza ile vali ya moshi ya pistoni ya tatu inavyoshuka na kukosana na kile kishimo changu, na kukosana, na kukosana. Tulipofika juu mjomba alisimamisha gari. Ziwa lilikuwa chini kabisa, limelala jeupe. Akatega sikio kwa muda. Injini ilinguruma bila dosari. Akashuka, akasimama pembezoni mwa barabara akinipa mgongo, mabega yakimtikisika, na mimi nikajifanya naangalia ziwa.

Siku hizi nikipita kule kwetu sioni kichanja. Bibi hayupo, kahawa imeng'olewa, na palipokuwa na migomba pana ukuta wenye vipande vya chupa juu. Pistoni huagizwa kwa simu, nazo huja na vishimo vyake tayari. Sina ugomvi na hilo. Ila sijasikia tena fundi akiomba asongewe ugali, na sidhani kama yule kijana wa Tengeru angeniamini.

Siku ile Karatu tuliingia jioni, kukiwa na baridi na ukungu mwekundu wa vumbi. Hatukumjua mtu. Ndizi ziliisha kabla giza halijaingia, tukatafuta gesti, na mama mwenye nyumba akatutolea kitabu cha wageni.

"Jina, kabila, kazi, mtokako, mwendako," akasema. "Na mtoto aandikwe. Balozi wa nyumba kumi hukagua."

Mjomba aliandika jina. Alipofika kwenye kazi, kalamu ilisimama. Yule mama akamtazama, akaitazama na grisi iliyoganda kwenye kucha zake. Mjomba akaandika, kwa herufi kubwa, FUNDI. Kisha akashuka kwenye mstari wa pili, akaandika jina langu, na chini ya lile neno akaweka vile vialama viwili vidogo vya kusema kama hapo juu.

"Chumba namba nne," mama akasema, akatupa ufunguo.