Unga wa Mteja wa Kutungwa

Mimi na mwenzangu tunaandika programu za Python katika chumba kimoja cha mtaa wa Makomeno, na kwa miezi tuligombania jambo lile lile. Programu husimama juu ya vifurushi vilivyoandikwa na wengine. Vingine inavihitaji kazini kila siku. Vingine ni vyetu sisi mafundi, vya kujaribia tu, na mteja hana haja navyo. Nilimwambia mara ngapi atenge faili mbili! Yeye anamwaga vyote katika faili moja na kuipeleka hivyo hivyo kwa mteja.

"Tugawe juu ya nini, mon vieux? Si iko inatumika?"

Eti tugawe kwa nini, na programu inafanya kazi! Jibu hilo linanichosha hadi leo.

Basi tukaweka programu kwa mama mmoja wa Kivu ya Kaskazini anayeuza unga kwa jumla mjini. Kati ya vifurushi vya kujaribia kilikuwamo kimoja cha kutunga wateja wa uongo, majina na anwani. Mwenzangu alikuwa ameiagiza programu: usipowaona wateja, watunge. Asubuhi moja mtandao ukasuasua, orodha ya wateja wa kweli haikufunguka, na programu ikatii. Kifurushi kile kisingekuwepo, ingekwama pale pale, karani wa duka angetupigia simu, yakaisha. Lakini kilikuwepo! Agizo la kwanza la siku likaangukia mteja wa kutungwa, na karatasi ya dereva ikatoka safi kabisa, ina jina la bwana ambaye hajazaliwa na avenyu ambayo hakuna aliyewahi kuipita.

Dereva alizunguka mtaa wa Kampemba na magunia hadi alasiri, akiulizauliza watu. Unga ule ulikuwa wa kilio, wa kulisha waliokuja msibani. Mama aliyeuagiza alikuwa amefiwa na mume, uani watu wamejaa, maji ya bukari, ugali wetu wa huku, yanachemka bure. Waliotoka mbali walirudi makwao bila kula.

Mwenye duka la unga alitupeleka sote wawili kuomba msamaha. Nilikuwa na hasira, na njiani mwenzangu bado ananieleza kwamba kosa ni la mtandao.

Mfiwa alitusikiliza mpaka mwisho, wala hakututukana. Akauliza tu, akiamini kwamba bwana yule yupo na unga wake ameupokea:

"Bana bangu, ule baba mulipelekea bunga yetu, na yeye iko na kilio?"

Mwenzangu akageuka kuniangalia, eti mimi ndiye nijibu.