Nyuzi Sita wa zamani au wa baadaye? Nilichokisikia Kakuma miaka ya sabini

Wakuu, habari zenu. Vijana, marahaba, hata kama hamjaniamkia.

Nimepitia ule uzi mnaogombania Nyuzi Sita, eti rekodi zake za mwanzo ni dhahabu na za baadaye ni makapi. Wengine mmefika mpaka kutukaniana mama kwa sababu ya gitaa.

Mimi ni nurse mstaafu, bibi mwenye wajukuu, na hapa naandika kwa kidole kimoja. Haya nayoandika yalinipata mwenyewe. Asiyeamini aendelee na shughuli zake, hatutakosana.

Kwa wasiomjua: Nyuzi Sita ni jina tulilompa sisi mashabiki. Alianza kurekodi kabla ya uhuru, yeye na gitaa lake la mbao, nyimbo anatunga mwenyewe. Katikati ya miaka ya sabini, mvi zimeshamwingia, akarudi studio na gitaa la umeme, besi na drums. Hapo ndipo mashabiki tulipogawanyika, na naona mpaka leo hamjapatana.

Miaka hiyo nilikuwa Lodwar, kule Turkana.

Ukinitajia Lodwar, kitu cha kwanza kunijia ni mchana. Kuanzia saa sita hewa inaanza kucheza juu ya mchanga. Mikoma ya kando ya Turkwel unaiona imesimama ndani ya maji, na mto wenyewe mkavu, mbuzi wanalala humo katikati. Mtu akija kwa mbali huoni miguu, unaona kiwiliwili kinaelea tu. Nilikaa kule miaka mingi na bado nusu yake naikumbuka kama kitu nilichoota.

Watumishi wa serikali tulikuwa wachache na wote tumetoka mbali. Wenyeji wakikuona unafunga mizigo wanakuuliza kama unaenda Kenya. Pale tulipo palikuwa wapi, hawakusema.

Mume wangu Barasa alikuwa mwalimu wa shule ya msingi. Mimi nilimwita Mwalimu, hata chumbani. Alinichumbia kwa wimbo wa Nyuzi Sita, ule wa mto. Mnaoujua mnaujua: mwanamume anausihi mto upungue kidogo, apate kumvusha mtu wake mgongoni. Barasa aliuimba mbele ya shangazi zangu bila aibu, sauti yenyewe kama mlango usiotiwa mafuta. Nikasema huyu ndiye.

Santuri ya wimbo huo tulikwenda nayo Lodwar, pamoja na gramafoni ya betri.

Jumapili baada ya kanisa watumishi wenzetu walikuwa wanajaa kwetu. Karani wa maji, dresa wa hospitali, walimu. Wote mashabiki. Tunakaa chini kwenye simenti, tumemwaga maji sakafuni ipoe, tunasikiliza.

Nyinyi mnaosikiliza kwa simu hamuwezi kujua ile rekodi ya kwanza ilikuwaje. Ilirekodiwa sebuleni kwa mtu. Unasikia kiti kikilia. Unasikia Nyuzi Sita akivuta pumzi. Katika ubeti wa pili jogoo anawika huko nje, na yeye haachi kuimba, anacheka kidogo tu. Yule jogoo tulikuwa tunamngoja kama mgeni wa heshima. Akiwika, karani wa maji anainua kikombe.

Tuendelee.

Nikapata mimba. Mtoto akazaliwa kabla ya wakati, wa kiume, akaishi siku chache, akaondoka.

Kwetu Bungoma mtoto mchanga namna hiyo huzikwa na kina mama, kimya kimya. Hapakeshwi, hapaliliwi. Mwanamume hategemewi kusema kitu. Wenzangu wa hospitali wakanisaidia tukamzika. Barasa alisimama mbali kidogo na kofia mkononi, halafu akaenda kusahihisha madaftari ya wanafunzi.

Na toka siku hiyo akanyamaza.

Sisemi alinuna. Angalau mtu aliyenuna unajua yumo mle ndani. Huyu alikula, alioga, alikwenda shule, na ukimwuliza kitu anakujibu neno moja la adabu kama unavyomjibu mkaguzi. Nilipolia alinipa leso na kutoka nje. Niliumia sana. Nilihisi nimefiwa mara mbili.

Halafu ikaja ile ya santuri.

Lodwar kila mtu alijua santuri haiachwi juani. Zetu tulizilaza chini ya kitanda, juu yake gunia lililoloweshwa maji. Ukisahau mchana mmoja tu, imekwisha. Barasa alijua hayo kuliko mtu yeyote. Siku moja akaichukua ile ya wimbo wa mto kwenda nayo shule, akaiacha kwenye kiti cha mbele cha lori lililompa lifti. Jioni akanirudishia kitu kimejikunja kama chapati iliyokosewa. Akakiweka mezani, akaenda kunawa.

Alisahau au aliiacha makusudi? Sikumwuliza wakati huo, na baadaye sikuona haja.

Niliomba transfer. Haikuchukua muda ikakubaliwa: nirudi kwetu, mwezi unaofuata. Yake yeye hakuomba. Nilipomwambia akasema, "Sawa." Basi. Ndoa ya kanisani, na shangazi zangu wote mashahidi, ilikuwa inaishia kwenye hilo neno sawa.

Sasa dereva wa lori la serikali, katika kunipa pole, akaniambia kwamba Kakuma kuna kijana ana duka, ana gramafoni, na anayo santuri ya Nyuzi Sita yenye wimbo wa mto.

Wakuu, mtu akizama hushika hata unyasi. Nilisema moyoni, akiusikia ule wimbo mara moja tu, labda atarudi. Nikamwomba twende Jumamosi na lori. Alikubali vile unavyokubali kwamba leo kuna upepo.

Kakuma wakati huo kilikuwa kituo kidogo tu, kambi ya wakimbizi haikuwepo. Maduka ya mabati, misheni, na lile korongo la Tarach, mchanga mtupu. Tulifika alasiri. Vumbi limesimama hewani, jua linapita ndani yake, kila kitu kina rangi ya chai ya maziwa.

Mwenye duka aliitwa Ekal, Mturkana, kijana wa maringo sana. Alikuwa amefanya kazi Kitale miaka kadhaa, akarudi na miwani ya jua, gramafoni, na shati la maua. Aliuza sukari, tumbaku na shanga. Mle ndani walikuwepo wachungaji wa mifugo waliokuja kununua tumbaku, wameketi kwenye vigoda vyao, vile wanavyotembea navyo mkononi.

"Ejok, mwalimu. Ejok, sista," akatuamkia.

"Ejok noi," nikamjibu.

Nikamweleza shida yetu. Akafurahi. Alikuwa amechimba shimo nyuma ya kaunta, kando ya mtungi wa maji, na santuri zake amezizika humo kwenye mchanga wenye unyevu, zimefungwa gunia. Akaitoa moja, akaifuta kwa shati la maua.

Nilipoona picha ya jalada moyo ulinishuka. Alikuwa Nyuzi Sita, ila wa mvi. Ilikuwa rekodi mpya. Alikuwa ameurudia wimbo wa mto na bendi.

Ekal akaiweka.

Kwanza besi, peke yake, inatembea polepole kama mtu anayepima kina cha maji kwa fimbo. Halafu drums, chini chini. Gitaa la umeme likaingia kwa mbali. Sauti ya Nyuzi Sita ilikuwa imechakaa, ina mchanga ndani. Maneno ni yaleyale, lakini pale alipokuwa akikimbilia ubeti wa pili sasa anasimama. Ananyamaza kabisa, bendi inamngoja. Pale palipokuwa na jogoo hapana kitu.

"Siye huyu," Barasa akasema, na akageuka kuelekea mlangoni.

Nilijua akivuka kile kizingiti basi tumemalizana.

Aliyemzuia ni Ekal, na alimzuia kwa kosa. Hapa lazima niwaeleze. Kwa Waturuka... samahani, kidole. Kwa Waturkana mwanamume ana ng'ombe wake mmoja, dume aliyehasiwa, ampendaye kuliko wote. Anamkunja pembe tangu akiwa mdogo, anamvisha kengele, anamtungia wimbo, hata yeye mwenyewe huitwa kwa jina la huyo ng'ombe. Ng'ombe akifa, mwenye ng'ombe analia, na rafiki zake hawamwachi peke yake. Wanakuja, wanamwimba yule ng'ombe kwa jina lake.

Kwa hiyo Ekal, na miwani yake ya jua, alikuwa na hakika Nyuzi Sita anaimba ng'ombe. Angeimba nini kingine?

"Ng'ombe yake imekufa," akamwambia Barasa.

Barasa akasimama. Mwalimu ni mwalimu, hawezi kuacha kosa lipite. Akasema wimbo ni wa mto, hauna ng'ombe.

"Hapana, mwalimu. Kule Kitale mimi nilisikia hii ya kwanza. Anaimba mbio mbio, anacheka. Ng'ombe iko. Sasa sikia. Anaimba, halafu ananyamaza. Hiyo ni mutu ng'ombe yake imeenda."

Akawatafsiria wachungaji kwa Kiturkana. Wakatikisa vichwa kwa huzuni kabisa. Mmoja akauliza kitu, na Ekal akamgeukia Barasa.

"Wanauliza ilikuwa inaitwa nani. Wewe unajua huyu mutu. Sema jina, tumuimbie. Si vizuri akae nayo peke yake."

Santuri ilikuwa imefika mwisho, sindano inakwaruza. Hakuna aliyeinuka kuitoa. Barasa alikuwa anautazama mlango.

"Wafula," akasema.

Wakuu, mimi ni mtu wa hospitali, nimeona mengi, lakini hilo sikulitegemea.

Mtoto wetu hakuwa na jina. Hivyo ndivyo nilivyojua mimi. Kwetu Wafula ni mtoto wa kiume aliyezaliwa wakati wa mvua, na mvua Lodwar nani aliiona mwaka ule? Barasa akanigeukia, akaniambia mimi, siyo Ekal, kwamba asubuhi ile nilipokuwa kwenye uchungu kulinyesha manyunyu. Hata vumbi hayakulaza vizuri. Alikuwa amesimama nje ya wodi, akafungua vifungo vya shati yakamgusa, na akamtaja mtoto jina palepale. Baadaye hakupata mtu wa kumwambia. Aliona kumtaja ni kunitonesha.

"Nilikuwa nakungoja wewe uulize," akasema.

Na mimi nilikuwa namngoja yeye aseme.

Ekal hayo hakuyafuata, tulikuwa tumeshaingia kwenye Kibukusu, lugha ya kwetu. Alichobeba yeye ni jina. Akaliuliza maana yake, nikamwambia mvua. Akawaambia wenzake, na nilisikia wanavyoguna kwa heshima, maana kule hakuna jina kubwa kama mvua. Akavua miwani. Akainua mikono juu, imepinda kama pembe, akaanza kuimba. Wafula. Wafula. Wachungaji wakasimama, wakaanza kurukaruka, vumbi la duka likapanda, mabati yanalia, na lile jina linakwenda na kurudi katika vinywa vya watu ambao hatukuwajua.

Barasa alilia mpaka mabega yakatikisika. Halafu akainua mikono yake naye. Vibaya, mkono mmoja huku, mwingine kule. Ekal akaacha kuimba, akaja kumnyoosha kiwiko kama fundi cherehani, kisha wakaendelea.

Nilicheka na kulia kwa pamoja. Sijawahi kumpenda mtu kama nilivyompenda mwanamume yule mwenye pembe zilizokosewa.

Tukirudi Lodwar Barasa aliongea njia nzima, tumekaa juu ya magunia nyuma ya lori, upepo unatupiga. Vidole vya mtoto. Masikio yake, ya baba mzazi wa Barasa kabisa. Jua likazama upande wa Uganda yeye bado anaongea.

Jumatatu nikaenda kusema transfer siitaki tena. Mkubwa wangu akaniuliza kama nimepigwa na jua.

Ekal hatukumsahihisha. Ungeanzia wapi? Miaka miwili mitatu baadaye nilipita Kakuma na kazi ya chanjo, mtoto wetu wa pili mgongoni, nikaingia dukani kununua sabuni. Akaingia mzee mmoja, ametoka na mifugo huko Lokiriama. Alitaka tumbaku, na alipoipata akamwomba Ekal aweke ile ya Wafula. Ekal akaenda shimoni akaitoa. Nikakaa kwenye gunia la sukari, nikausikiliza wote.

Sasa fundisho, kwa nyinyi mnaotukanana. Rekodi ya mwanzo ni nzuri, na yule jogoo nitamkumbuka mpaka kufa. Lakini msiseme yule wa mvi ameishiwa. Pale anaponyamaza ni pazuri, ila kama bado hujapoteza mtu huenda usipasikie, nami nakuombea uchelewe kupasikia. Na kama mwenzio nyumbani amenyamaza, muulize. Usingoje duka la mtu.

Barasa amepumzika tangu mwaka juzi. Siku ya kumzika tulimpigia rekodi zote mbili.

Karibuni mchangie, hata wapinzani. Ila nina ombi moja. Kama yupo humu mtu wa Kakuma au Lokiriama aliyewahi kusikia wazee wa kwao wakimwimba ng'ombe anayeitwa Wafula, na kama bado anaimbwa, aniandikie hapa chini.

Hakuwa ng'ombe. Alikuwa mwanangu.