Seneta Aliyegeuzwa Ukutani

Ilianza Jumamosi moja ya Disemba, saa kumi alasiri, saa ambayo London jua lishazama na magharibi ishaingia. Yamenirudia jana, basi letu lilipopita Hounslow nikaona ile nyumba inabomolewa.

Nilikuwa na miaka tisa. Bibi yangu, aliyeondoka Unguja baada ya mapinduzi, alikuwa akimhudumia mama mmoja mzee wa Kimarekani, hanyanyuki kitandani. Nyumba ilinuka supu ya kuku na mafuta ya karafuu, redio ikinong'ona jikoni. Ukutani ilitundikwa picha ya baba wa babu yake mama yule, seneta wa karne ya kumi na tisa. Mama yule hakuchoka kunisimulia: mtoto wa fundi viatu, akasomea sheria, akapigia kelele utumwa, mabinti zake akawaoza kwa majaji. Mwanawe mmoja alioa asikotakiwa. Seneta akaigeuza picha ya mwanawe huyo ukutani, na kwao hiyo ndiyo talaka ya udugu. Huyo mwana ndiye babu wa mama yule. Aliniambia hapati usingizi, seneta anamtazama.

Bibi hakuyajua hayo. Kiingereza chake cha dukani tu. Anachojua ni kuwa hasali mbele ya sura ya mtu. Basi akaigeuza picha, akasali. Alipotoa salamu, mgonjwa yu macho, anauliza nani kamkata mzee udugu. Nami na haya zangu, ikanibidi nitafsiri, na kisa cha picha nikamweleza Bibi.

"Mwambie nasali tu, namrudisha," Bibi akasema.

"Mwache vivyo hivyo," mgonjwa akajibu polepole. "Naye aonje."

"La, mjukuu wangu. Kukata udugu wa watu si kazi ya mgeni."

Akamrudisha. Mama yule akajifunika uso kama mtoto. Chumba kikaingia baridi, hata Bibi akawa anasoma Ayatul Kursiy mpaka tulipofunga mlango, tukamwacha na seneta wake.

Siku hizi simjui mtu wa kunisimulia ukoo wake hivyo, kizazi kwa kizazi. Bibi naye kaondoka na wa kwetu, sikumuuliza.

Asubuhi iliyofuata usiku ule Bibi alifungua kwa ufunguo wake, nikatangulia chumbani na chai. Mama yule, asiyeweza hata kukaa mwenyewe, kalala fofofo, anakoroma. Picha imeelekea ukuta. Niliweka kikombe, nikatoka kinyumenyume, na Bibi aliponiuliza kama kwema, nikamwambia kwema.