Bibi Yangu Alivyoshtakiwa kwa Kuiba Uozo

Jamani, bibi yangu mzaa mama aliwahi kushtakiwa mbele ya kijiji kizima kwa kosa la kuiba uozo.

Hakuiba ng'ombe wala debe la mahindi. Uozo.

Msioijua Ufipa, ngojeni niwaeleze. Kwetu mvua zikikaribia kwisha, tunakata nyasi na kuzifukia kwenye vilima vidogo vya udongo, tunaviita ntumba. Nyasi zinaoza humo, msimu unaofuata tunakitawanya kilima na kupanda ulezi. Ndiyo mbolea ya mababu.

Miaka ya vijiji vya ujamaa, bibi Bertilla alihamishiwa kijiji kipya upande wa Mpui. Mwenyekiti alikuwa Zenon, mtu mwema, ila ukimtajia maendeleo tu, akili zinamruka.

Siku moja lori la Hamis, mfanyabiashara wa Sumbawanga mjini, likaleta pipa la dawa ya kuua magugu. Nani kalituma, hakuna aliyejua. Zenon akalipokea kwa ngoma, shamba la ujamaa likapigwa dawa lote. Nyasi zikanyauka, akina mama wakazifukia kama kawaida.

Msimu ulipofika, wakafukua.

Nyasi zilikuwa nzima, za kuezekea nyumba kabisa. Hapakuwa na nyungunyungu, mchwa, wala ukungu.

Balaa ni kwamba nyuma ya nyumba ya bibi, kwenye kibustani kisichopigwa dawa, ntumba zilikuwa zimeoza vizuri, nyeusi tii.

Mkutano ukaitwa.

"Ndugu Bertilla," Zenon akasema, "uozo wa wananchi umehamiaje kwako?"

Bibi akajitetea kwamba yeye alifukia nyasi tu. Watu wakaguna. Mzee Adriano akaapa kuwa aliwaona nyungunyungu kwa macho yake wakihamia kwa bibi, tena kwa mstari. Mwingine akasema huo ni unyonyaji. Kijiji kikaamua asipourudisha uozo, ananyang'anywa nyumba na shamba, aondoke na wanawe.

Bibi mwenyewe akaanza kujishuku. Akawa anajiuliza kama mtu anaweza kuwa mchawi bila kujijua.

Akaubeba uozo wake wote kichwani, ungo baada ya ungo, akaumwaga shamba la ujamaa huku analia. Nyungunyungu aliowaleta wakafa palepale.

Mara vifaranga wa Zenon, waliozoea kudonoa shambani, wakavimba matumbo na kufa. Zenon naye, aliyenyunyiza dawa kwa mikono yake, usoni vikamtoka vipele utadhani kijana anabalehe. Yote hayo akaongezewa bibi kwenye kesi.

Siku ya kumfukuza ikapangwa. Lakini sisi Wafipa hatufukuzani kavukavu, lazima pombe inywewe kwanza. Na mpika hodari kijijini wa kimpumu, ile pombe yetu ya ulezi, alikuwa nani? Bibi huyohuyo.

Basi akapika pombe ya kufukuzwa kwake. Zenon akatoa lile pipa tupu, limesuuzwa, ili itoshe watu wote. Kimea kilichozidi bibi akakipikia kwenye chungu chake.

Siku ya siku watu wakakaa na vibuyu. Zenon akaonja. Akaonja tena.

"Huu ni uji," akasema.

Uji wenyewe baridi, haujachachuka, unanuka mafuta ya taa. Bibi akajua amekwisha.

Ila Mzee Adriano alikuwa na kiu. Akanyata hadi jikoni, akakuta chungu kinatoa povu mpaka kinamwagika. Akarudi anajifuta ndevu.

"Kimea ni kilekile na mpikaji ni yuleyule," akasema. "Mwizi ni pipa."

Nyasi zilipokataa kuoza watu waliguna. Pombe ilipoharibika, kijiji kizima kilisimama. Pipa likashtakiwa palepale, likaulizwa kama lina la kujitetea, likakaa kimya. Likahukumiwa kufukuzwa kijijini. Bibi akalipiga jembe la hasira, likabonyea ubavuni, kisha lori la Hamis lilipopita, akaondoka nalo. Bibi akabaki na nyumba yake.

Miaka mingi baadaye nilisoma kwamba baadhi ya dawa za magugu za enzi zile zilikuwa na sumu iitwayo dioksini. Inakaa udongoni miaka na miaka, ikizidi inaweza kuwadhuru vijidudu wanaoulisha udongo, inajificha kwenye mafuta ya kuku, ya ng'ombe na ya binadamu. Bibi hakuyajua hayo hata kidogo.

Ila ngojeni.

Mwaka uliofuata lori la Hamis likaja na zawadi ya kijiji. Pipa la kunywea maji watoto wa shule, limepakwa rangi ya buluu, linang'aa. Zenon akalipokea kwa ngoma.

Bibi akalizunguka polepole, akapapasa ubavu wake, mkono ukatumbukia kwenye lile bonde la jembe lake.

"Mwenyekiti," akasema, "yule tuliyemfukuza amerudi."

Ngoma ikanyamaza. Zenon alikuwa wa kwanza kukimbia.

Ndugu zangu, sumu ukiifukuza kwako bila kuimaliza, inazunguka tu kutafuta rangi mpya. Na kitu kinachokataa kuoza, msikipigie ngoma.