Sinema ya Likizo Ukumbini Bariadi

Siku yangu ya kwanza kazini Bariadi, Afisa Utamaduni wa Wilaya alinikabidhi mtambo wa sinema. Alinionyesha jinsi ya kupitisha mkanda kwenye meno yake na jinsi ya kuuunga ukikatika: unakwangua ncha mbili, unapaka gundi, unabana. Kisha akaniambia, "Picha waachie watu. Wewe ukiondoka hapa kidogo tu, taa itaunguza mkanda."

Nililishika hilo Nkoma, nikalishika Nyalikungu, vituo nilivyopangiwa baadaye, hadi niliporudishwa Bariadi. Mume wangu alikuwa amefariki, na kazi ya kuhamahama hailei mtoto. Mwanangu Masanja nilimwacha kwa mama yangu, kijijini Mkula, akiwa bado hajasema vizuri. Nilimwona mara mojamoja, mwaka mzima ukipita katikati.

Likizo moja ya Juni, Masanja akiwa darasa la kwanza, nilimwomba mama amlete kwenye sinema ya familia. Tulifunika madirisha ya ukumbi kwa mablanketi, mchana ukawa giza, kila familia na benchi lake. Waliingia wamechelewa, picha imeshaanza. Nilitamani kuwafuata, lakini mkanda ulikuwa unatembea. Ulikatika mara mbili, nikauunga mara mbili. Watoto walipocheka nilitega sikio nikitafuta kicheko cha mwanangu. Sikukijua.

Taa zilipowashwa, benchi lao lilikuwa tupu. Mlinzi wa ukumbi alisema wametoka mapema kuwahi basi la Lamadi la kuwarudisha Mkula. Nikamuuliza kama mtoto alisema neno. Alinijibu akiniita mama kwa Kisukuma:

"Mayu, alikuwa anawatazama akina mama wote. Akamuuliza bibi yake, mama ni yupi?"

Kesho yake niliomba uhamisho. Mkuu wa Idara alinisikiliza kwa upole, akasema Mkula hakuna ukumbi wala mtambo, sasa nitaenda kufanya nini. Ningeweza kuacha kazi. Sikuacha. Niliipenda, na leo nasema hivyo bila kujificha.

Siku hizi mikanda haipo tena; sinema ya likizo inaonyeshwa kwa kompyuta. Masanja ni fundi seremala Mwanza. Hunipigia simu Jumapili, ananiuliza afya, nami namuuliza watoto wake, kisha tunatafuta la kusema.

Nilipostaafu nilihamia Mkula, kwenye nyumba aliyokulia Masanja. Mama alikuwa ameshafariki. Huu ni mwaka wa nne. Majirani hunisalimia vizuri, huniletea mahindi mabichi, na bado wananiita mgeni.