Gari Lililosimama Igawa

Wiki iliyopita nilikwenda Mwanjelwa kutafuta gari, nikarudi nyumbani nimechanganyikiwa kuliko nilivyoondoka.

Nilichotaka ni kitu kidogo tu. Kazi yangu ya maabara iko nje kidogo ya jiji la Mbeya, na nilitaka kigari cha mtumba kisichokunywa mafuta, cha kunipeleka asubuhi na kunirudisha jioni. Basi. Sikujua kwamba jambo hilo lina wataalamu wengi hivyo. Mwenzangu wa kazini aliapa kwamba nichukue la zamani, kwa sababu haya mapya yamejaa umeme na fundi akiyafungua anabaki anayatazama. Shemeji yangu akasema la zamani ni kununua ugonjwa wa mwenzio. Huyu anasema gia za mkono ndizo zinazodumu, yule anasema gia za mkono kwenye milima hii ni kujitesa. Muuzaji wa pale yadi, yeye alisifia kila gari nililolitazama. Nikamuuliza, nitajuaje kama hili ni la kuaminika?

Akafungua mlango. "Dada yangu, kaa tu ndani. Utajua mwenyewe."

Nikakaa. Na hapo ndipo nilipopotea kabisa, rafiki yangu, kwa sababu harufu iliyonipokea mle ndani, ya plastiki iliyopigwa jua, vumbi na ndizi zilizosahaulika mahali, ilikuwa harufu ya gari la mama.

Tulikuwa tunakaa Kihesa, Iringa. Mama alikuwa mwalimu wa shule ya msingi iliyokuwa mbali na nyumbani, barabara ya vumbi kiangazi na ya matope masika. Alikuwa na kigari cha Kijapani cha milango miwili, rangi ya maziwa yaliyotiwa chai. Kilikuwa kimeshatumiwa na watu wengine kabla yake, na viti vya nyuma vilikuwa na alama ya kuchomwa na sigara ambayo hakuna mtu nyumbani aliyewahi kuivuta. Ukinirudisha leo mwezi wa sita pale kwetu, na ile baridi ya asubuhi inayouma masikio, nitakuonyesha kila kitu jinsi kilivyokuwa. Uji wa ulezi jikoni. Mimi nje na kitambaa cha kanga kuukuu, nafuta umande kwenye kioo, kisha naondoa jiwe lililozuia tairi usiku kucha. Mama anaingia, anavuta choki ya kuamshia injini, anasema, "Haya, mwenzangu." Gari linawaka. Halikuwahi kumwambia ngoja.

Jirani yetu mwenye duka, Mhindi aliyezaliwa palepale Iringa na aliyesema Kihehe bila kubabaika, alikuwa hafungui mlango wa duka mpaka asikie ule mlio. "Mwalimu ameshatoka," anasema, "tumechelewa." Gari lile lilibeba magunia ya viazi, madumu ya ulanzi, ile pombe ya mianzi, ya harusi, na kinamama wenye uchungu wa kujifungua. Lilifika Kilolo, lilifika Tosamaganga, lilifika Ifunda. Baba, ambaye hakujifunza kuendesha mpaka anazeeka, alikuwa akisema gari la mama yako lina adabu.

Ila kulikuwa na upande mmoja ambao halikuelekea. Halikuwahi kwenda Mbeya, kwao mama. Mimi nilijua kwamba nina bibi huko, Mnyakyusa kama mama, lakini nilimjua kama unavyomjua mtu wa kwenye redio. Habari niliyoiokota kwa kusikiliza wakubwa ilikuwa kwamba bibi alitaka mkwe wa kabila lake na wa kanisa lake, na mama akamletea Mhehe, tena Mkatoliki. Bibi akasema mbele ya watu: ukishakwenda huko, usinirudie. Mama akafanya alivyoambiwa. Ndugu walikuja kwetu, barua zilikuja, ndizi zilitumwa. Yeye hakurudi.

Halafu mjomba akapiga simu dukani. Jirani mwenyewe alikuja kumwita mama, amevaa kandambili, hajafunga hata duka. Mama alikwenda, akarudi, akakaa jikoni akimenya viazi. Alimenya vingi kuliko tulivyoweza kula. Baba alipoingia, akamwambia, "Mama yangu anaumwa sana. Ananiita."

"Basi nenda," baba akasema. "Tena mchukue na mtoto, amwone."

Tuliondoka kulipokucha. Nilivaa sweta ya shule na gauni la Krismasi, na nilikuwa na furaha ambayo leo naionea haya kidogo, kwa sababu mimi nilikuwa naona safari tu. Mafinga tulinunua mahindi ya kuchoma. Makambako mama aliweka mafuta na kumwambia mhudumu akague maji na oili, naye akasema kila kitu kiko sawa. Baada ya hapo barabara inashuka, hewa inakuwa ya joto, unavua sweta, na mbele unaona tambarare za Usangu. Mama alikuwa anaimba tangu Iringa. Sikugundua aliacha kuimba wapi.

Tulipofika Igawa, gari likapunguza mwendo, likaingia pembeni mwa barabara mbele ya mabanda ya wauza mchele, likatikisika, likanyamaza.

"Limekuwaje?" nikauliza.

"Limegoma," mama akasema.

Limegoma! Nilimwangalia kama mtu aliyeniambia kwamba jua limegoma. Nakumbuka mkono wake ukiwa juu ya ufunguo. Nimejaribu mara nyingi kukumbuka kama aliuzungusha au hakuuzungusha, na kadiri ninavyojaribu ndivyo picha inavyozidi kufifia.

Wauza mchele wakamwita fundi, mtu mzima mwenye ovaroli iliyobadilika rangi. Alifungua boneti, akashika hiki na kile, akanusa, akaingia kwenye usukani. Gari likawaka palepale, laini kama asubuhi ya Kihesa.

"Mama, gari yako nzima hii," akasema. "Haina shida yoyote."

"Izime," mama akamjibu. "Acha ipoe kwanza."

"Ipoe? Mbona haijachemka?"

"Baba, nimesema izime."

Fundi akalizima. Alinitazama mimi kama vile ningeweza kumweleza, lakini mimi mwenyewe nilikuwa nasubiri mtu anieleze.

Tukakaa kwa mama lishe. Mama aliagiza wali, maharage na samaki wa kukaanga, na wali ule wa mchele wa Usangu ulikuwa unanukia hata kabla sahani haijatua mezani. Nilikula wangu wote. Yeye aliugusagusa wake, kisha akausogeza kwangu. Malori yalipita, vumbi likatua kwenye jagi la maji. Mama lishe akamuuliza tunakwenda wapi, mama akasema Mbeya. Akamuuliza kuna msiba? Mama akasema, "Bado sijui." Jua likahama, kivuli cha banda kikatuacha, tukahamisha benchi. Nilimuuliza kama gari bado halijapoa, akasema bado. Nikalishika boneti kwa kiganja. Lilikuwa la moto, lakini ni moto wa jua.

Kisha, bila kuniambia neno, akasimama, akalipa, akanawa uso kwa maji ya jagi, akafunga upya kitambaa cha kichwa. "Twende." Aliwasha, likawaka. Kwenye milima ya kupandia Mbeya halikupumzika hata kidogo.

Bibi hakuwa amekufa. Alikuwa ameketi mlangoni kwa mjomba, kajifunika blanketi, mdogo kuliko nilivyomfikiria. Mama alipiga magoti mbali kidogo, akamsalimu kwa Kinyakyusa. Bibi hakuitikia. Alimtazama mama, akatazama gari, akanitazama mimi, ndipo akasema kwa Kiswahili, nadhani kwa ajili yangu:

"Nilisikia mmetoka asubuhi. Mmechelewa wapi?"

"Gari, mama," mama akasema. "Liliharibika njiani."

Bibi akaligeukia gari tena. Halafu akauliza, "Na miaka yote hii, lilikuwa ni gari?"

Nikaona mabega ya mama yanatikisika, nikajua analia. Nikamsogelea nimshike, kumbe anacheka. Na bibi naye anacheka, huku anakohoa, huku anagonga fimbo yake chini, na machozi yanawatoka wote wawili. Mjomba alisimama pale na mzigo wetu mkononi, hajui auingize ndani au asubiri. Mimi nilimwangalia huyu, nikamwangalia yule. Hakuna aliyenieleza. Baadaye bibi alinivuta, akanishika mashavu kwa viganja vikavu, akasema, "Huyu ana uso wangu. Mhehe gani?" Usiku ule mama alilala kitanda kimoja naye.

Likizo zote zilizofuata, mpaka bibi alipofariki, gari lile lilipita Igawa kwenda na kurudi, na halikusimama tena.

Sasa vingi havipo. Duka la jirani ni sehemu ya kuuzia simu, na watoto wake wanaishi mbali. Barabara ya shule imewekwa lami. Baba tumemzika. Gari lenyewe mama alimuuzia mwalimu mwenzake alipostaafu, mwalimu akaliuza, na mtu wa mwisho kuliona alisema linabeba nyanya huko Ilula, milango imefungwa kwa kamba, bado linawaka. Sijui kama ni kweli.

Nikiwa bado nimekaa pale yadi, mguu mmoja nje, nilimpigia mama. Nikamweleza maneno ya shemeji, ya mwenzangu, ya muuzaji. Akasikiliza mpaka mwisho.

"Tafuta kama lile langu," akasema. "Lile halikuniangusha hata siku moja."

Nikamuuliza: "Hata siku moja, mama? Na pale Igawa?"

"Igawa?" Nilisikia anasogeza kiti. "Pale si tulikula wali?"

"Mama, fundi aliitwa."

"Wali mzuri ule," akasema. "Wewe ulikula sahani mbili. Mimi sikuweza kumeza kitu." Nikasikia kuku wanamlilia uani. Kisha akabadilisha sauti: "Chukua lenye hita nzuri, mwanangu. Mbeya baridi."

Muuzaji alikuwa anasubiri, amenyoosha mkono na ufunguo. Akaniuliza nimejua sasa? Nikamwambia sijajua. Nikauchukua ufunguo, nikawasha, likawaka mara moja, nikabaki nimekaa nalisikiliza.