Uzi Mwembamba na Sindano Nene

Wanjiku mwanangu, bwana wako Kamau, mama mkwe wako, na wifi yako Njeri mdogo, nyote hapo Ndabibi nawasalimu sana. Huku Kabazi baba yako mzima, nyanya yako mzima, hata mbuzi amezaa.

Sasa sikia vile nimeaibika leo!

Nilienda darasa la akina mama kufundishwa kufuma kroshia, mtoto wako akizaliwa apate kofia. Dukani nilichagua uzi mweupe mwembamba, na sindano nene ya ndoano ili isivunjike.

Mwalimu akacheka sana. "Mama Wanjiku, hii ni sindano ya gunia na uzi wa buibui! Anayeanza hushika uzi mnene. Nenda, uje wiki ijayo."

Wiki ijayo? Na mtoto yuko karibu hivyo?

Nikakaa chini, nikapandisha rinda, nikasokota nyuzi tatu pajani zikawa moja, kama za kusukia kikapu cha kiondo.

Mwalimu akauvuta uzi huo. Haukukatika.

Akaketi kando yangu. "Hebu nionyeshe, mama."

Basi akina mama wote wa darasa wakapandisha marinda, wakasokota!

Kofia nimeianza utosini, lakini sijui niipanue mpaka wapi. Kamau alizaliwa na kichwa kikubwa kiasi gani? Muulize mama yake, uniandikie upesi. Mkono unataka kufuma.